Shayiri ngamani: nafaka inayohama na kupumua

Ukikaa Mama Ngina jioni, pale wauza mihogo na madafu wanapopanga meza zao, meli zinazoingia Kilindini, bandari ya Mombasa, hupita karibu kiasi cha kusomeka jina lililoandikwa omo. Meli ya makontena hata mtoto anaijua. Ile nyingine, ndefu, yenye vifuniko vikubwa bapa vilivyofuatana sitahani, mara nyingi ni ya shehena kichele, mzigo uliomwagwa ngamani, yaani tumboni mwa meli, bila gunia wala katoni: klinka ya saruji, mbolea, makaa ya mawe, na ngano. Mara mojamoja huwa ni shayiri.

Kenya inalima shayiri yake Mau Narok, Molo, Timau na Uasin Gishu, na sehemu kubwa huishia kuwa kimea cha kutengenezea bia. Inayokuja kwa meli ni ya kuziba pengo. Huku Pwani wengi wetu hukutana nayo kwenye bakuli la kufuturu tu, kwa hiyo mtu akiambiwa shayiri imewahi kuzamisha meli hudhani anataniwa. Haina sumu, haiwaki kama petroli, haili chuma. Lakini ina tabia mbili ambazo bahari haizisamehi: humiminika, na iko hai. Karibu kila kipimo, cheti na katazo utakalolisikia kuhusu meli ya nafaka limetokana na mojawapo ya hizo mbili.

Inayomiminika

Jaza debe la mchele hadi ukingoni, kisha ulitikise. Mchele unashuka na juu panabaki nafasi. Ngama ni debe lenye upana wa mita 30, na linatikiswa usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Nafaka iliyogusa kifuniko siku ya kupakia itakuwa imeshuka kabla meli haijafika mbali. Nafasi iliyobaki juu ndiyo inayoleta balaa. Meli ikilala upande mmoja kwa wimbi, nafaka ya juu huporomokea upande huo. Maji yangerudi meli ikiinuka. Nafaka hairudi yote, maana punje husuguana na kushikana, zikabaki zilipoangukia. Wimbi la pili linaikuta meli tayari imeinama, linaongeza kidogo. La tatu nalo vilevile.

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha shayiri yenyewe. Tarehe 10 Agosti 1957 Pamir, merikebu ya Ujerumani yenye milingoti minne iliyotumika kufundishia mabaharia vijana, iliondoka Buenos Aires kwenda Hamburg ikiwa na karibu tani 3,780 za shayiri. Magunia yalikuwa machache. Zilizobaki zote zilimwagwa kichele. Makuli wa bandari walikuwa wamegoma, hivyo kazi ya kuusawazisha mzigo iliangukia watu wasioizoea. Tarehe 21 Septemba, kusini magharibi mwa visiwa vya Azores, kimbunga Carrie kikaikuta. Meli ikalala, shayiri ikahama, na haikusimama tena. Watu 86 walikuwamo. Sita ndio waliookolewa. Uchunguzi uliofanyika Lübeck uliweka kuhama kwa shayiri miongoni mwa sababu kuu, ingawa wenye meli walibisha wakidai chombo kilivuja. Wiki chache baadaye Passat, dada wa Pamir kwa kazi na umbo, nayo ilihamiwa na shayiri katika dhoruba ya Atlantiki. Ilijikokota hadi Lisbon ikiwa imelala upande.

Siku hizi meli hairuhusiwi kuondoka na nafaka kichele kwa kumtegemea Mungu na nahodha pekee. Kanuni ya Kimataifa ya Nafaka ilipitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, mwaka 1991, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1994, na ni ya lazima chini ya SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini. Inataja ngano, mahindi, shayiri, mchele, kunde na jamii zake, mbegu, hata bidhaa zilizosindikwa ambazo hutiririka vilevile.

Ninachokipenda katika kanuni hii ni kwamba haimwamini anayesema ngama imejaa. Hata ngama iliyojazwa kwa uangalifu wote, inaihesabu kuwa na uwazi chini ya sitaha usiopungua sentimita 10, kisha inachukulia kwamba uso wa nafaka utahama kwa nyuzi 15. Ngama iliyojazwa kwa sehemu tu inahesabiwa kuhama kwa nyuzi 25. Nahodha anatakiwa aihesabu balaa hiyo kwanza, kana kwamba imeshatokea, ndipo aangalie kama meli yake itaistahimili. Isilale zaidi ya nyuzi 12 kwa sababu ya kuhama huko. Nguvu ya kujiinua iliyobaki iwe ya kutosha meli ikipigwa na mawimbi. Na ile GM, kipimo kinachoonyesha jinsi chombo kinavyong'ang'ania kusimama wima, isipungue mita 0.30. Hesabu hizi hufanywa kabla ya punje ya kwanza kuingia, na hufanywa kwa safari nzima, kwa sababu mafuta yaliyo kwenye matangi ya chini hupungua njiani na meli ya siku ya ishirini si ile ya siku ya kwanza.

Shayiri inaleta ugumu wake juu ya huo. Ni nyepesi kuliko ngano. Tani moja ya ngano hutaka nafasi ya karibu mita za ujazo 1.3, na ya shayiri karibu 1.5. Kwa hiyo ngama ya mita za ujazo 6,000 itachukua ngano ya tani 4,600 hivi, lakini shayiri ya tani 4,000 tu. Meli ya shayiri hujaa kabla haijazama hadi alama zake za kikomo cha mzigo. Mfanyabiashara aliyezoea ngano, akikodi meli kwa kuangalia tani bila kuuliza ujazo wa ngama, anaweza kujikuta akilipia nauli ya mzigo ambao haukupata pa kukaa. Kwa upande wa usalama jambo hili lina heri na shari. Ngama iliyojaa mpaka kooni huhama kidogo kuliko iliyojaa nusu. Lakini mzigo uliopanda juu umepandisha na kitovu cha uzito.

Dawa ya kwanza, na iliyo rahisi kuliko zote, ni kusawazisha. Bomba la kupakia huelekezwa pembeni na mbele na nyuma mpaka nafaka ifike chini ya sitaha kila pahali inapoweza kufika, pasibaki kilima katikati na mashimo pembeni. Inapobidi ngama moja ibaki nusu, uso wake husawazishwa, kisha hukandamizwa: ama kwa kupanga magunia juu yake kwa kimo kisichopungua mita 1.2, ama kwa mbao na nyaya zilizokazwa. Kazi hiyo ina gharama na inakula siku, ndiyo maana mpangaji mzuri wa shehena hujitahidi ngama nyingine zote ziwe ama zimejaa ama tupu kabisa.

Watu wengi hudhani hesabu huisha meli ikitia nanga. Si hivyo kwa meli inayoshusha sehemu ya mzigo Mombasa na kuendelea Dar es Salaam. Ikichota kidogo katika kila ngama, inaondoka Kilindini na ngama zote zikiwa nusu, jambo ambalo kanuni inaliogopa kuliko yote. Inayofaa ni kumaliza ngama fulani na kuziacha nyingine bila kuguswa, na mpango huo lazima uwe umeandikwa tangu bandari ya kupakia. Njia ya kutoka hapa hadi Dar ni fupi, ila kusi ya Julai haiulizi umbali.

Iliyo hai

Punje ya shayiri ni mbegu. Inavuta oksijeni, inatoa hewa ya kaboni, joto na unyevu. Ikiwa kavu hupumua polepole sana, kiasi cha kukaa ghalani miezi mingi bila neno. Unyevu wake ukipita kiasi cha asilimia 14, mambo hubadilika. Hewa iliyo katikati ya punje inafikia unyevu wa asilimia 70 na zaidi, ukungu unaamka, na fukusi wanapata mahali pazuri pa kuzaana. Ukungu na fukusi nao wanapumua, wanatoa joto na unyevu wao, na nafaka ni mbovu wa kupitisha joto, kwa hiyo joto linabaki palepale lilipozaliwa. Doa moja bichi katikati ya tani elfu kadhaa linaweza kupata moto taratibu wiki nzima bila mtu wa sitahani kujua.

Kwa shayiri ya mifugo hasara hiyo hupimwa kwa tani zilizoharibika. Shayiri ya kimea ina mtihani mgumu zaidi. Kiwandani italowekwa ili iote, na isiyoota haina kazi. Wanunuzi kwa kawaida hutaka punje zisizopungua 95 kati ya 100 ziwe bado na uwezo wa kuota. Joto au unyevu huweza kuua uhai huo bila kubadilisha rangi wala harufu, na mzigo unaoonekana mzuri kabisa ukashuka bei hadi ya chakula cha ng'ombe. Kwa hiyo meli inaweza kufika salama kwa kila kipimo cha sheria, watu wote wazima, na bado mwenye mali akalia.

Tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kabla ya kupakia, mkaguzi hushuka na tochi. Anatafuta mabaki ya mzigo uliotangulia: vumbi la makaa kwenye mihimili, mbolea iliyoganda pembeni, klinka. Anatafuta kutu inayobanduka, rangi inayochubuka, harufu, mdudu hai. Ngama iliyooshwa kwa maji ya bahari lazima isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi iliyobaki huvuta unyevu. Visima vya kukusanyia maji chini ya ngama hufunikwa kwa gunia ili maji yapite na punje zisipite. Vifuniko hupimwa kama vinavuja, kwa mpira wa maji au kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Na kama chini ya ngama kuna tangi la mafuta mazito, mhandisi anaambiwa asiyapashe moto kupita inavyohitajika, la sivyo shayiri iliyolala juu ya tangi hukaangika ikawa ya kahawia.

Hewa yetu na mzigo wa baridi

Kosa linalofanywa kwa nia njema kuliko yote ni kufungua matundu ya hewa ili mzigo upumue. Kila mtu wa Pwani anajua nyumba iliyofungwa hunuka uvundo, kwa hiyo akili inamtuma kufungua. Kwa nafaka jibu linategemea iwapo hewa ya nje itaukausha mzigo au itauletea maji.

Tuchukue meli iliyopakia shayiri Bahari Nyeusi mwezi wa Januari, mzigo ukiwa na nyuzi 6 za Selsiasi. Inapita Suez, Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden, inashuka na kaskazi hadi hapa. Wiki zote hizo moyo wa shehena unabaki na baridi yake. Hewa ya Mombasa, kwa upande mwingine, huanza kuangusha umande ikipoozwa hadi nyuzi 22 au 25 hivi. Ukiiingiza ngamani, inagusa nafaka baridi na kumwaga maji juu yake. Mabaharia huita jasho la shehena. Meli hiyo ilipaswa kufunga matundu tangu hewa ilipoanza kupata joto, na kuyaacha yamefungwa.

Jasho la meli ni kinyume chake. Mzigo una joto, meli inaingia bahari ya baridi, chuma cha sitaha na vifuniko kinapoa, na unyevu wa ndani unageuka matone juu na kudondokea nafaka. Hapo ndipo kupitisha hewa kunasaidia. Zamani njia ya kuja Mombasa haikuleta shida hii sana. Tangu mwisho wa mwaka 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, na shayiri ya Ulaya iliyopakiwa na joto la Agosti ikipita huko hukutana na baridi ya kusini, kisha inapanda tena kwenye joto letu. Mzigo mmoja, safari moja, na amri ya matundu inabadilika njiani.

Kuna kanuni mbili za kuamua. Ya kwanza hulinganisha kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo huanza kuangusha maji, cha nje na cha ndani ya ngama: cha nje kikiwa chini, fungua. Ni sahihi kabisa, ila inataka mtu apime ndani, na ngama iliyojaa au iliyopigwa dawa haiingiliki. Ya pili hutumia tofauti ya nyuzi tatu. Pima joto la nafaka inapopakiwa; fungua tu hewa ya nje ikiwa na baridi kuliko kipimo hicho kwa nyuzi 3 au zaidi. Ni kanuni butu, lakini baharia aliyechoka saa kumi usiku anaweza kuifuata bila kukosea, na mimi naona huo ndio ubora wake. Kila uamuzi huandikwa: saa, joto la nje, matundu yamefunguliwa au yamefungwa, na kwa nini.

Kufungua kifuniko

Bahari imekwisha, meli imefungwa gatini, na hapa ndipo watu hulegea. Kwa maoni yangu ndipo hatari kwa binadamu inapokuwa karibu zaidi.

Nafaka nyingi hupigwa dawa ya fosfini ili kuua wadudu wakati meli inasafiri. Vidonge vya aluminiamu fosfidi huwekwa juu ya mzigo au ndani yake, unyevu wa hewa unavifumbua, na gesi inapenya taratibu. Ni dawa inayofaa kwa shayiri ya kimea kwa sababu nafaka kavu haipotezi uwezo wa kuota kwa ajili yake. Lakini inamuua mtu kama inavyomuua fukusi. Huweza kunuka kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na huweza isinukie kabisa hali imeshafika kiwango cha kudhuru, kwa hiyo pua si kipimo. Mwongozo wa IMO wa mwaka 2008 unataka mabaharia wasiopungua wawili wawe wamefunzwa, gesi ipimwe katika vyumba vya kulala na vya kazi safari nzima, na bandari ya kushushia iarifiwe mapema, kwa kawaida saa 24 au zaidi kabla ya kufika. Unga unaobaki wa vidonge nao hautupwi ovyo. Ukirundikwa ukiwa haujaisha nguvu, kisha ukapata maji, unaweza kuwaka.

Hata pasipo dawa, kumbuka nafaka inapumua. Katika nafasi iliyofungwa inameza oksijeni, ambayo katika hewa ya kawaida ni asilimia 20.9, na kuacha hewa ya kaboni. Kichochoro cha ngazi ya kushukia ngamani ni kifo kilichofichika: kinaonekana kitupu, hakina nafaka, lakini hewa yake ni ileile ya ngamani. Mtu anashuka hatua chache, anazimia. Mwenzake anamwona, anamfuata kwa huruma, anaanguka juu yake. Tangu Julai 2016 SOLAS inazitaka meli ziwe na kipimo cha gesi cha kubebeka, na mazoezi ya kuingia na kuokoa katika nafasi zilizofungwa hufanywa kila miezi miwili. Zoezi hilo halina maana kama kuli wa gatini hajui kwamba halimhusu baharia peke yake. Hakuna kushuka mpaka hewa imepimwa na mwenye dhamana ameruhusu, na aliyeanguka hafuatwi bila mtungi wa hewa.

Nafaka inayochotwa nayo humeza mtu. Anayesimama juu yake wakati inafyonzwa kutoka chini huzama ndani ya sekunde, na ikishamfika kiunoni nguvu za wenzake hazitoshi kumvuta.

Vumbi ni hatari ya gati na maghala zaidi kuliko ya meli. Tangu mwaka 2000 Kilindini ina kituo cha nafaka chenye mitambo ya kuchota na mikanda ya kupeleka mzigo maghalani, badala ya kujaza magunia kando ya meli. Kasi imeongezeka, na vumbi lililofungiwa ndani ya mitambo linataka uangalizi. Vumbi la nafaka likitanda hewani katika nafasi iliyofungwa, cheche moja inatosha. Westwego, Louisiana, watu 36 walikufa Desemba 1977. Blaye, Ufaransa, 11 walikufa Agosti 1997. Ndiyo sababu ya kufagia kila zamu na kukataza kuchomelea au kuvuta sigara karibu.

KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, huangalia cheti cha nchi ilikotoka shayiri na kuchukua sampuli kutafuta wadudu. Katika masika, hasa Mei, kazi husimama na vifuniko hufungwa wingu likionekana tu, na kwa mzigo wa baridi ngama isiyofanyiwa kazi huachwa imefungwa hata jua likiwaka.

Ikipatikana shayiri iliyolowa, kosa baya kuliko yote ni kuichanganya na nzima ili ipotee. Hutengwa, hupigwa picha mahali ilipo kabla ya kuguswa, na sampuli hufungwa mbele ya pande zote. Kisha mkaguzi hutia matone ya naitreti ya fedha kwenye maji yaliyokamuliwa humo. Yakigeuka meupe kama maziwa kuna chumvi, bahari imeingia, na anayetakiwa kujibu ni aliyesema vifuniko havivuji. Yasipogeuka, yawezekana ni jasho au mvua ya gatini, na hapo huombwa lile daftari la matundu ya hewa na lile la mvua, kurasa zote tangu siku ya kupakia.